Tafuta Meza Kabla ya Nyumba: Kambi ya Uandishi Katito

Mtafiti wa Kenya akiambiwa kikundi chake kitaondoka ofisini siku nne kwenda kuandika, akili yake hukimbilia Naivasha: ukumbi wa hoteli, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, projekta, chai ya saa nne, posho ya kujikimu. Siku ya mwisho watu hupigwa picha ya pamoja kwenye ngazi. Rasimu ya makala hurudi Nairobi ilivyokuja.

Mwongozo huu unakuelekeza njia nyingine. Kodini nyumba nzima kijijini, mpikiwe humo, mle humo, mwandike humo na mlale humo. Nachukua mfano wa Katito, katika kaunti ndogo ya Nyakach, Kaunti ya Kisumu, kwa sababu kufika ni rahisi. Lami inayotoka Ahero kwenda Sondu na Kisii inapita sokoni, na hapo hapo ndipo inapochepukia barabara ya Kendu Bay na Homa Bay. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Upande huu wa Ghuba ya Winam umepimwa, umehojiwa na kuandikwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Wataalamu wa udongo wa ICRAF wamechunguza makorongo ya Katuk Odeyo. Tangu 2011 mpango wa CGIAR wa tabianchi na kilimo ulifanya kazi na wakulima wa bonde la chini la mto Nyando. Juu ya mteremko, kwenye uwanda wa Nyabondo, icipe ilifuatilia mbu wanaozaliana katika mashimo yanayoachwa na wafyatua matofali. Ikiwa kikundi chako kinashughulikia udongo, maji, malaria au samaki, huenda baadhi ya data zenu zilitoka hapa, na aliyejaza madodoso yenu anaishi mwendo wa bodaboda kutoka sokoni. Huyo nitamrudia, maana bila yeye sioni sababu kubwa ya kuacha hoteli.

Basi swali la kwanza si nyumba ina vyumba vingapi. Swali ni nani ataketi mezani, na je, meza yenyewe ipo?

Meza

Watu wanane hadi kumi wanatosha. Wakizidi hapo, mtagawanyika makundi mawili na kila kundi litakuwa na mazungumzo yake. Mtu anayeandika kwa kompyuta, mwenye daftari na kikombe kando yake, anahitaji kama sentimita 70 za meza. Wanne upande mmoja, wanne upande wa pili, tayari mnahitaji meza inayokaribia mita tatu. Sebule nyingi za kijijini hazina meza ya namna hiyo. Zina seti za sofa zilizozunguka kuta zote nne, vitambaa vya kufuma mgongoni, na vimeza vidogo vya kuwekea soda. Sofa ni adui wa uandishi. Ukishazama humo saa nane mchana na jua la Nyakach liko nje, hutaamka na aya hata moja.

Kwa hiyo, unapozungumza na mwenye nyumba, uliza kuhusu meza kabla ya bafu. Kama haipo, omba ruhusa ya kusogeza sofa, kisha ukodi meza na viti vya plastiki. Hivyo havikosekani: kila kituo cha soko katika nchi hii kina mtu wa kukodisha hema na viti, biashara inayoishi kwa mazishi na harusi. Ungeni meza mbili chini ya baraza au kivuli cha mwembe kwa kazi ya asubuhi, na mziingize ndani kabla ya mvua ya alasiri.

Kisha amueni jinsi ya kuketi, maana mkiacha hivi hivi mnajua kitakachotokea. Profesa ataketi kichwani pa meza. Wanafunzi wa uzamili watajikusanya mwisho. Msaidizi wa utafiti aliyetoka kijijini atasema ameshiba na kutoka nje na sahani yake, na mmoja wa wanawake, hata kama ana shahada ya uzamivu, atajikuta anasaidia jikoni. Katika taasisi ya hisabati ya Oberwolfach, Ujerumani, iliyoanzishwa 1944 kwenye Msitu Mweusi, wageni huketi chakulani kwa bahati nasibu: majina yao hutawanywa mezani na kila mmoja huketi alipowekwa. Wanahisabati wakubwa wamezoea kula karibu na vijana wasiowajua. Fanyeni hivyo hivyo. Vipande vya kadi na kalamu vinatosha, na vichanganywe upya kila mlo. Profesa atacheka siku ya kwanza, na siku ya pili atakuwa anasikiliza kitu ambacho hakuwahi kuambiwa ofisini.

Nyumba ni boma la mtu

Nyumba nzuri nyingi zinazokodishwa mashambani zimejengwa na watu wanaofanya kazi Nairobi, Mombasa au ng'ambo. Husimama tupu mwaka mzima, zikingoja Desemba na misiba. Hii ina maana mbili kwako.

Ya kwanza, nyumba imo ndani ya boma. Aliyekukodisha kwa simu anaweza kuwa kijana wa mjini, lakini mwenye boma ni baba yake, au mama yake mjane anayeishi nyumba ya pembeni. Usipitishe siku ya kuwasili bila kiongozi wa kikundi kwenda kumsalimu. Aende na mtu anayejua Kijaluo, aketi, anywe atakachopewa, aeleze nyinyi ni nani na mtaondoka lini. Aulize pia mambo madogo: lango lipi litumike, magari yaegeshwe wapi, usiku nani atafunga. Mwambie pia mzee wa nyumba kumi, na ikiwezekana chifu msaidizi. Watu kumi wasiojulikana wenye kompyuta na magari mawili huzusha maswali, na ni afadhali majibu yatoke kwenu.

Waambie wenzako wasiotoka pande hizi kwamba makaburi yako ndani ya boma, mara nyingine mbele kabisa ya nyumba, yamesakafiwa na kuandikwa majina. Yupo atakayeshtuka. Ni bora ashtukie Nairobi kuliko saa tatu za usiku stima ikiwa imepotea. Na asiwepo wa kukalia kaburi akiongea na simu kwa kuwa ndipo mtandao unaposhika.

Ya pili, nyumba inaweza kuhitajika na wenyewe ghafla. Msiba ukitokea katika ukoo, familia itarudi nyumbani, na hakuna mkataba utakaoizuia, wala hupaswi kujaribu. Kubalianeni mapema: pesa zitarudishwa au mtahamishiwa wapi? Uwe na jina la nyumba ya wageni ya pili, Ahero au Kisumu, hata kama hutaitumia.

Hata msiba usipokuwa kwao, utakuwa kwa jirani. Mazishi huku hufanyika zaidi Ijumaa na Jumamosi, na mkesha wa kuamkia huwa na vipaza sauti hadi alfajiri. Usijaribu kushindana na mkesha. Fikeni Jumapili alasiri, ondokeni Alhamisi mchana. Ratiba hiyo inawafaa pia Waadventista, ambao ni wengi pande hizi tangu misheni ya Gendia ilipoanzishwa karibu na Kendu Bay mwaka 1906. Hakuna atakayelazimika kuchagua kati ya Sabato na jedwali la pili. Na msiba ukitokea katikati ya wiki, changeni, mpelekeni mtu mmoja au wawili na rambirambi. Nusu saa hiyo haipotei.

Usilipe amana kwa sababu ya picha. Picha haikuonyeshi kama bomba lina maji wala kama kuna soketi karibu na meza. Mlipe mtu wa hapo, na yule mkusanya data wenu anafaa sana, aende akupigie video: afungue bomba, avute maji chooni, apime meza kwa hatua, atembee kutoka nyumbani hadi lami akirekodi njia nzima.

Hiyo njia ya mwisho ndiyo inayowaangusha watu. Lami ni nzuri, lakini kati ya lami na lango kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukinyeshewa hushika gurudumu na kulisokota. Gari dogo likiingia Jumapili kukiwa kukavu linaweza kutotoka Alhamisi. Chagua nyumba iliyo karibu na lami au yenye njia ya murramu. Epuka masika, yaani Machi hadi Mei, ambapo Nyando hufurika na tambarare ya Kano hugeuka ziwa, kama ilivyokuwa 2020 na 2024. Januari na Februari kuna joto lakini kukavu. Julai si mbaya. Agosti na Desemba ni za watoto wa shule na wenye nyumba zao.

Kutoka Nairobi kwa ndege mnashuka Kisumu, kisha mnapita Ahero na kukata kulia. Kwa gari mnapitia Kericho, Awasi na Ahero. Ipo pia njia ya Kapsoit hadi Sondu inayoteremka kupitia mashamba ya chai, nzuri ya kutazama, ila Sondu uko mpakani mwa Kisumu na Kericho na miaka ya karibuni umeona mapigano. Sikiliza habari za wiki hiyo kabla ya kuichagua. Ningewashauri msisafiri usiku kwa njia yoyote.

Stima, maji na mtandao

Kilomita chache kutoka Katito, KenGen inazalisha megawati 60 kwa maji ya mto Sondu Miriu, na 21 zaidi pale Sang'oro. Usidhani hilo linawahusu. Radi za alasiri zikianza kupiga kutoka upande wa milima, stima huweza kuondoka saa nzima au usiku kucha. Chomoeni kompyuta mawingu yakishakuwa meusi. Uliza nambari ya mita ya tokeni kabla ya safari na ununue za kutosha kwa M-PESA, msije mkakatikiwa saa nne usiku mkianza kulaumiana. Betri kubwa ya kubeba, au sola ya nyumba kama ipo kweli (uliza inawasha nini: taa tu, au na soketi?), itawatosha. Jenereta siipendi. Inakula petroli na utulivu, na inamkera mama mwenye boma.

Maji: uliza ukubwa wa tangi na linajazwa na nini. Watu kumi wakioga mara mbili kwa siku, na kwa joto lile wataoga, huweza kumaliza tangi la lita elfu moja kwa siku mbili hata wakiwa waangalifu. Maji ya kunywa nunueni Kisumu au Ahero kwa madumu makubwa.

Mtandao uwe mchache kwa makusudi. Pakueni makala zote mnazohitaji, data zilizosafishwa, programu na vifurushi vyake kabla ya kuondoka. Msikubali mtu aseme ataipata huko. Bebeni ruta moja yenye laini ya kampuni tofauti na ile inayotumiwa na wengi wenu, iwashwe saa saba hadi nane mchana na jioni baada ya chakula. Kuna watakaonung'unika asubuhi ya kwanza. Waacheni.

Malaria, bila mzaha

Mtu aliyekulia Nairobi au Nyeri hana kinga ya malaria waliyo nayo watu wazima wa kando ya ziwa, na homa atakayoipata itamwangusha vibaya kuliko mwenyeji. Zungumzeni na daktari kuhusu dawa za kujikinga mapema, kwa kuwa baadhi huanzwa siku au wiki kadhaa kabla ya safari. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa, na si kile cha mapambo kilichofungwa fundo juu kwa uzuri. Ushahidi wa vyandarua hivyo unatoka ng'ambo tu ya ghuba. Majaribio ya KEMRI na CDC huko Asembo na Gem miaka ya 1990 yalionyesha kwamba hupunguza vifo vya watoto, na kwamba hata nyumba zisizo na vyandarua zilifaidika zikiwa karibu na zilizo navyo. Itakuwa aibu watafiti walale bila.

Homa ikimpata mtu wakati wa kambi au wiki zinazofuata, apimwe siku hiyo hiyo, asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Wekeni kwenye karatasi, mlangoni, simu ya dereva na mahali pa kumpeleka mgonjwa: hospitali ya kaunti iliyoko Ahero, hospitali ya misheni ya Mtakatifu Yosefu kule Nyabondo, au Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ikiwa hali ni mbaya. Na ziwani msiogelee. Kichocho kipo, na kwenye midomo ya mito kuna viboko pia.

Jikoni

Ajiri mpishi wa hapo, mlipe vizuri na kwa siku zote, pamoja na msaidizi wa kuosha vyombo. Msijipikie kwa zamu. Najua inasikika vizuri, usawa na kadhalika, lakini zamu huishia mikononi mwa wale wale.

Chakula kinunuliwe Katito na Sondu, mpeni mpishi pesa na mwachieni uamuzi. Mtakula mchele wa Ahero, ngege wa kuchemsha mwenye nyanya na kitunguu, mbuta wa kukaanga, omena siku moja kwa wanaothubutu, kuku wa kienyeji siku ya mwisho. Mboga ni osuga, dek na apoth, ambazo zikipikwa kwa maziwa na kulazwa usiku mmoja huwa tamu kupita kiasi. Asubuhi kuwe na viazi vitamu vya Kabondo na chai. Ugali wa mtama na muhogo humfanya mtu asinzie, basi uwe wa jioni. Kuhusu bia, amueni mapema na muwe wazi: jioni ya mwisho, au kila jioni baada ya saa mbili, au kamwe. Kimya juu ya jambo hili ndicho huleta matata.

Kazi yenyewe

Njooni na makala moja. Mbili zikiwa lazima, ya pili iwe fupi. Kikundi kinachokuja kupanga mikakati ya miaka mitano, kuandika ombi la ufadhili, kufunza wanafunzi takwimu na kumaliza makala tatu kitarudi na orodha ya mambo ya kufanya. Slaidi zipigwe marufuku. Anayetaka kueleza kitu akieleze kwa karatasi iliyochapishwa, mezani.

Saa za kuandika ni zile za baridi: kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa sita. Kila mtu ana aya zake, hakuna kuongea isipokuwa swali fupi. Baada ya chakula lala, tembea, soma. Saa kumi kaeni pamoja kwa saa mbili, msome kwa sauti kilichoandikwa asubuhi. Kusoma kwa sauti ni kazi ya kuchosha na hakuna kinachofichua sentensi isiyo na maana haraka kama hiyo. Usiku hakuna kazi.

Mpangilio wa majina ya waandishi uamuliwe jioni ya kwanza, kabla mtu hajaandika neno. Mambo haya yakiachwa hadi mwisho huharibu urafiki wa miaka. Wengi wenu mnafuata vigezo vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: mchango wa kweli katika kubuni kazi au kupata au kuchambua data, kushiriki kuandika au kurekebisha, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi yote. Watu husoma hapo na kuishia hapo. Mwongozo huo huo unaendelea kusema kwamba aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kutimiza vinavyofuata. Kupata data kumo ndani ya kigezo cha kwanza. Hamwezi kumnyima mtu rasimu kisha mkasema hakuandika.

Hapa ndipo ninapomrudia mkusanya data wenu wa Katito. Mwalikeni, yeye na mwenzake mmoja, kwa siku zote, kwa malipo ya siku ya kazi na si kwa nauli na soda. Mpeni rasimu wiki moja kabla. Kisha muulizeni yale ambayo kompyuta haiwezi kujibu. Chukua jambo dogo kama kuhesabu kaya. Katika boma lenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake, mtoto wa kiume aliyeoa akiwa amejenga karibu na lango, dodoso lenu lilihesabu kaya ngapi? Mafunzo ya siku mbili yalisema kaya ni wanaokula chungu kimoja. Lakini mke wa tatu akiwa amelima msimu huu na mke mkubwa, wakala pamoja hadi mavuno, mkusanya data aliamua kitu papo hapo, juani, simu ikiwa na chaji kidogo. Aliamua nini? Na mwenzake wa kata ya pili aliamua hivyo hivyo? Kiwango chenu cha umaskini, idadi ya vyandarua kwa kaya, ekari kwa kila mlaji, vyote vimesimama juu ya uamuzi huo. Nimesikia maswali kama hayo yakigeuza sehemu nzima ya matokeo, na hayakuulizwa na mtaalamu wa takwimu.

Ili aseme, lugha ya meza isimfungie nje. Andikeni kwa Kiingereza ikiwa jarida linataka, lakini mjadala wa saa kumi uwe wa Kiswahili, na Kijaluo kikihitajika atafsiriwe asiyekijua, hata kama ni profesa. Mpeni nafasi ya kuzungumza kabla ya wakubwa, kwa sababu mkubwa akishasema, kijana wa heshima hatampinga. Na msimkatize kwa kusema hilo tunalijua.

Angalizo kuhusu data. Msibebe faili zenye majina na nambari za simu za waliohojiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikomi kwa sababu mko kijijini, na hapa hatari ni kubwa zaidi: mpishi anaweza kuwa binamu wa mhojiwa nambari 214. Msitaje watu kwa sauti barazani. Msitumie pia safari hii kukusanya kitu kipya, hata maswali machache tu kwa majirani. Kwa hilo mnahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI inayotaja kazi hiyo. Kama mnataka kuwarudishia wanakijiji matokeo, na mnapaswa, pangeni baraza na chifu kwa siku yake, mkiwa na mambo ya kuwaambia. Msilipachike kwenye kambi ili ripoti ya mfadhili ipendeze.

Jambo moja zaidi ambalo vikundi huona haya kulisema. Nyumba ina vyumba vya kulala, na ndani yake kuna watu wanaotegemea sahihi za wengine ili wahitimu. Pangeni vyumba kabla ya kufika na mtume orodha. Kila mlango uwe na komeo la ndani. Mwanafunzi asilazimike kulala chumba kimoja na msimamizi wake, hata wakiwa wa jinsia moja. Teueni mtu asiye katika mradi, aliyebaki Nairobi au Maseno, ambaye yeyote anaweza kumpigia, na nambari yake iwe kwenye karatasi ile ile ya mlangoni. Uwepo uhuru wa kuondoka: nauli ya kurudi Kisumu iwe mfukoni mwa kila mmoja tangu siku ya kwanza.

Mchana mmoja wa kutoka

Jumanne alasiri fungeni kompyuta mwende mahali pamoja tu. Wanaoshughulika na udongo waende Katuk Odeyo wakaone makorongo yaliyomeza mashamba na njia, wakiongozwa na mtu wa hapo, kwani kingo hubomoka. Wengine wachukue barabara ya Kendu Bay hadi Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ndani ya kreta, lenye maji ya kijani kwa wingi wa viumbe vidogo, na lenye flamingo miezi mingine. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji kilichomfukuza ajuza aliyeomba hifadhi usiku wa sherehe, na mvua ikakizamisha. Mtapita pia karibu na rasi ya Homa, ambako uchimbaji wa Nyayanga uliotangazwa 2023 ulipata zana za mawe zinazokadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko waliochunwa nyama. Hapo si pa kutembelewa bila mipango na Makavazi ya Kitaifa, lakini mazungumzo garini yatakuwa mazuri.

Hesabu

Mhasibu wa chuo ameizoea hoteli na atataka ankara ya eTIMS. Mwenye nyumba wa kijijini huenda hana. Lisemeni wazi wiki mbili kabla na mpate jibu kwa maandishi: ama mwenye nyumba ajisajili, ama mlipie kupitia wakala aliyesajiliwa. Mpishi, mlinzi na wakusanya data walipwe kwa M-PESA, na orodha ya sahihi juu yake. Msilipe posho ya kujikimu kwa watu ambao chakula na kitanda vyao vimeshalipiwa. Watakaokasirika wapo, na baadhi yao hawatakuja kambi ijayo. Hilo nalo lina faida zake.

Asubuhi ya mwisho kabla ya mizigo, mwandishi wa kwanza asome mezani nani anadaiwa nini na tarehe gani, kila kazi na jina moja, isiyozidi wiki tatu mbele. Nakala ya rasimu ilivyo ipelekwe kwa kila aliyeketi mezani, wakusanya data wakiwemo, ikiwa imechapishwa kwa wasio na kompyuta. Duka la kuchapisha tafuteni Katito siku ya pili, si siku ya kuondoka. Mchele na mafuta yaliyobaki yaende kwa mama mwenye boma. Angalieni mita, muache tokeni kidogo, na mtu mmoja aende kumuaga.